Mke wa Kasisi Aliyeuliza Akanyamazishwa

Wasomaji wengi wa vijitabu vya daawa wamekwisha kukutana na jina la Annie Besant. Hutajwa pamoja na wasomi wa Kizungu waliomsifu Mtume Muhammad (s.a.w.), na maneno yake kutoka kijitabu kilichochapwa Madras, India, mwaka 1932, kuhusu maisha na mafundisho ya Mtume, yamenakiliwa mara nyingi sana. Vijana wetu huyasoma, hufurahi kuwa mwanamke wa Kiingereza ameisema haki, kisha huufunga ukurasa.

Ni vyema ukurasa huo ukafunguliwa tena, kwani aliyeyasema maneno hayo ana kisa ambacho kinatuhusu zaidi kuliko sifa alizotoa. Mwanamke huyu alizaliwa Mkristo, akawa mke wa kasisi wa Kanisa la Uingereza, kisha kwa muda wa miaka kama kumi na mitano akawa miongoni mwa watu mashuhuri zaidi nchini Uingereza waliotangaza hadharani kuwa hawamwamini Mungu. Mwishowe alirudi kwenye imani ya ghaibu, lakini hakurudi kanisani, wala hakusilimu. Tuliseme hilo waziwazi, kwa sababu haifai daawa kujengwa juu ya kumvika mtu vazi ambalo hakulivaa.

Alichotuachia ni maelezo marefu, aliyoyaandika mwenyewe katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1893, ya namna imani inavyomtoka mtu: hatua kwa hatua, ndani ya nyumba yenye dini, huku watu wa dini wakitazama. Mzazi wa Kiislamu anayeona kijana wake ameacha kuuliza maswali kwa kuwa amekata tamaa ya kujibiwa, ana haja ya kuyajua maelezo hayo.

MTOTO WA DINI

Annie alizaliwa London tarehe 1 Oktoba 1847. Baba yake alifariki akiwa na umri wa miaka mitano. Mama yake, mjane asiyekuwa na mali, akawa anaendesha bweni la wanafunzi huko Harrow ili aweze kumsomesha mtoto wa kiume. Na Annie akalelewa na bibi mmoja mcha Mungu, Ellen Marryat, aliyemfundisha lugha, Biblia na nidhamu ya kusali. Alikua akiipenda dini. Alifunga, akasoma vitabu vya mababa wa kanisa, akatamani angelizaliwa zama za mashahidi ili naye aitoe roho yake kwa ajili ya Mola wake.

Shaka ya kwanza ilimjia kutokana na ibada yenyewe. Katika juma la Pasaka la mwaka 1866, akiwa msichana wa miaka kumi na minane, alikusudia kuyafuata matukio ya siku za mwisho za Yesu, siku baada ya siku. Akachukua Injili nne akaziandika katika safu nne sambamba. Alitarajia kuona kisa kimoja. Akaona visa vinavyopingana. Alishituka, akajilaumu, akajipa adhabu ya kufunga, akalizika swali lile. Hakumwuliza mtu.

Msomaji Mwislamu atakuwa mwepesi wa kusema: bila shaka, vitabu vile vimeingiwa na mikono ya watu. Hiyo ni itikadi yetu na hatuifichi. Lakini tusiishie hapo, kwani jambo la kuzingatia ni kile alichokifanya msichana yule baada ya kushituka. Aliona kuwa swali ni dhambi. Hakuna aliyemwambia kwa maneno. Nyumba nzima ilimfundisha hivyo kwa ukimya wake. Na swali lililozikwa likiwa hai halifi.

Mwishoni mwa mwaka 1867 aliolewa na Kasisi Frank Besant, akiwa na miaka ishirini. Alidhani kuwa mke wa kasisi atakuwa karibu zaidi na kazi ya Mungu. Ndoa ile haikuwa na mapenzi wala amani. Walijaaliwa watoto wawili, Digby aliyezaliwa mwaka 1869, na binti, Mabel, aliyezaliwa mwaka 1870.

KIFADURO

Mwaka 1871 watoto wote wawili walipata kifaduro. Mabel, aliyekuwa bado hajatimiza mwaka, akaongezewa na maradhi ya mkamba. Kwa wiki kadhaa Annie alimpakata mtoto yule usiku na mchana, akimfunika kwa mvuke, akimtazama akikata pumzi kila kikohozi kilipomjia. Daktari alikwisha kukata tamaa. Mtoto alipona, lakini mama yake alianguka kitandani kwa uchovu, na alipoinuka, lile swali lililozikwa mwaka 1866 lilikuwa limefufuka likiwa na sura nyingine.

Sasa hakuuliza tena kuhusu safu nne za maandishi. Aliuliza: Mungu mwenye huruma anamtesaje mtoto asiyejua hata kutenda dhambi? Na kutoka hapo akauliza juu ya moto wa milele, juu ya mtu mmoja kubeba dhambi za wengine, na mwishowe juu ya uungu wa Yesu.

Mpangilio huo ni wa kuangaliwa. Watu wengi hudhani kuwa imani hupotea kwa kusoma vitabu vya falsafa. Kwa Annie, vitabu vilikuja baadaye. Kilichotangulia ni jeraha. Akili yake ilikwisha kuona mgongano katika Injili miaka mitano kabla, na bado alibaki kanisani, akaolewa kanisani. Ni kitanda cha mgonjwa kilichomtikisa. Kwa hiyo mtu aliyetaka kumsaidia ilimpasa kwanza ajue ni wapi panapouma.

WATU WAWILI WA KANISA

Katika taabu ile Annie alikwenda kwa wanachuoni wa dini yake. Wawili kati yao wanastahili kukumbukwa, kwa kuwa kila mmoja alimjibu kwa njia yake.

Wa kwanza ni Dakta Pusey wa Oxford, mwanachuoni mkubwa wa Kiebrania na kiongozi wa kambi iliyotaka kulirejesha kanisa katika mapokeo ya kale. Annie alifunga safari hadi kwake akiwa na maswali juu ya uungu wa Yesu. Kwa mujibu wa maelezo yake, yule mzee alimpokea kama mtu aliyekuja kuungama dhambi, wala si kama mtu aliyekuja kutafuta elimu. Alipoomba atajiwe vitabu vitakavyomjibu, aliambiwa kuwa amekwisha kusoma kupita kiasi. Aliposema kuwa hawezi kuamini pasipo kujua ukweli, aliambiwa kuwa si kazi yake kuutafuta ukweli. Kazi yake ni kuupokea kutoka kwa kanisa. Akaonywa pia asiwaambie wengine shaka zake. Annie aliondoka Oxford akiwa amefahamu kuwa kwa mlango ule hapana jibu.

Wa pili ni Arthur Stanley, Mkuu wa Kanisa la Westminster. Ilikuwa mwaka 1874, Annie akiwa amekwisha kutengana na mumewe, na mama yake yu katika maradhi ya mauti. Mama alitaka kupokea Ushirika Mtakatifu kabla ya kufa, lakini akakataa kuupokea peke yake. Alisema kuwa ikiwa ibada ile ni sharti la wokovu, basi heri apotee pamoja na binti yake kuliko kuokoka bila yeye. Annie akatafuta kasisi atakayekubali kuwapa wote wawili huku akijua kuwa yeye haamini. Makasisi wawili walikataa. Akaenda kwa Stanley, mtu asiyemfahamu, akamweleza hali yake bila kuficha kitu. Stanley alikuja nyumbani, akakaa na mgonjwa, akazungumza naye kwa upole. Annie alipomwuliza baadaye jinsi alivyoweza kufanya vile, alimjibu kwa maana ya kwamba ibada ile iliwekwa ili kuwaunganisha watu na wala si kuwatenga.

Sisi hatuna haja ya kuingia katika hukumu ya ibada ile, si yetu. Tutazame mwenendo. Pusey alilinda mlango, na aliyekuwa nje akabaki nje. Stanley hakumrudisha Annie kwenye imani, lakini karibu miaka ishirini baadaye, alipokuwa akiandika kitabu chake, Annie alimtaja kwa shukurani na heshima. Baina ya mtu wa dini anayekumbukwa kwa kufunga mlango na yule anayekumbukwa kwa kuketi kando ya mgonjwa, kila imamu na kila katibu wa msikiti ajiulize yeye atakumbukwa kwa lipi.

HUKUMU YA JAMII

Mume wa Annie alikuwa kasisi wa kijiji cha Sibsey, katika jimbo la Lincolnshire. Mke wake alipoacha kuisogelea Meza ya Bwana, kijiji kizima kiliona. Mwaka 1873 akapewa hiari ya mambo mawili: ashiriki ibada ile kama wake wengine wa makasisi, au aondoke. Akaondoka. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, hana kazi wala mali. Mtoto wa kiume alibaki kwa baba, na Mabel akaenda na mama yake.

Mwaka 1874 alikutana na Charles Bradlaugh, kiongozi wa Jumuiya ya Kitaifa ya Wasekula. Kisa cha Bradlaugh kinafanana na chake kwa namna ya kushangaza. Naye alikuwa kijana wa kanisa, mwalimu wa madarasa ya Jumapili. Alipoona tofauti baina ya Injili na kanuni za kanisa lake alimwandikia kasisi wake kumwomba amfafanulie. Kasisi hakujibu swali. Alimsimamisha kufundisha na kumshitaki kwa baba yake kuwa ni mkanamungu, wakati ambapo kijana yule alikuwa bado hajafika huko. Ugomvi ule ulimtoa nyumbani angali kijana mdogo, na waliompokea ni wale waliokuwa mbali kabisa na dini. Mwaka 1880 alichaguliwa kuwa mbunge wa Northampton, lakini kwa sababu ya mzozo juu ya kiapo alizuiwa kukikalia kiti chake hadi mwaka 1886, ingawa wapiga kura wake walimchagua tena na tena.

Kwa Annie, adhabu iliyouma zaidi ilikuja mwaka 1878. Mwaka mmoja kabla, yeye na Bradlaugh walishitakiwa kwa kuchapa kitabu cha daktari wa Kimarekani juu ya kupanga uzazi. Walitiwa hatiani, kisha hukumu ikatenguliwa kwa kasoro ya kisheria. Kasisi Besant akatumia fursa ile kwenda mahakamani kumdai binti yake. Mahakama ikaamua kuwa mwanamke mwenye itikadi zile, na aliyechapa kitabu kile, hafai kumlea mtoto. Mabel, yule yule aliyepakatwa usiku na mchana wakati wa kifaduro, akachukuliwa.

Waliofanya hivyo walikusudia kuilinda dini ya mtoto. Matokeo yake ni kwamba watoto wote wawili walipofikia umri wa kujiamulia walirudi kwa mama yao. Nguvu iliweza kuutenganisha mwili wa mtoto na mama, lakini haikuweza kuutia moyo imani. Qur'ani ilikwisha kutufundisha hilo iliposema kuwa hapana kulazimishana katika dini, na ilipomwuliza Mtume (s.a.w.) kama yeye atawashurutisha watu mpaka wawe waumini.

Mambo haya si ya Uingereza ya kale tu. Nchini Kenya, mwaka 2016, chama cha watu wasioamini kuwepo kwa Mungu kiliandikishwa rasmi, na katika mwaka huohuo usajili wake ukasimamishwa, na suala likafikishwa mahakamani. Katiba za Kenya na Tanzania zote zinalinda uhuru wa dhamiri na dini. Watu hao wapo, wengi wao wametoka katika nyumba za Wakristo na baadhi katika nyumba za Waislamu, na kunyamaza kwetu hakutawaondoa.

ALISEMA NINI JUU YA KUTOAMINI

Katika maandishi yake ya miaka ile, hasa kijitabu cha mwaka 1887 alichoeleza kwa nini hamwamini Mungu, Annie alisisitiza tofauti moja. Alisema kuwa yeye hakani kitu asichokijua. Hadai kuwa amepekua ulimwengu wote akathibitisha kuwa hapana Mungu. Anasema kuwa hana elimu ya Mungu, na yale aliyosimuliwa juu yake yanapingana, kwa hiyo anaishi pasipo yeye.

Kiswahili chetu kina neno moja tu lililozoeleka kwa watu hawa: wakanamungu. Neno hilo hubeba kukana, yaani kujua na kukataa. Wapo wa namna hiyo, na Firauni ni kielelezo chao. Lakini wapo pia waliochanganyikiwa, wapo waliojeruhiwa, na wapo waliopewa sura ya Mungu isiyokubalika na akili wakaikataa sura hiyo wakidhani kuwa wamemkataa Mungu. Kuwaita wote kwa jina moja ni kama tabibu kuwapa dawa moja wagonjwa wa homa, wa jicho na wa mfupa.

Tukiangalia kwa makini tutaona kuwa hatua ya kwanza ya Annie haikuwa kumkataa Mungu. Kijitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1873, kilikuwa dhidi ya uungu wa Yesu wa Nazareti. Kwa muda alikuwa mtu anayemwamini Mungu Mmoja na kukataa Utatu. Alisimama, kwa kusema hivyo, mbele ya nusu ya kwanza ya shahada. Wakati huo haukuwapo msikiti London ambao angeweza kuuingia. Msikiti wa Woking na ule wa Abdullah Quilliam huko Liverpool ilianza mwaka 1889, na mwaka huohuo Annie alikuwa amekwisha kushika njia nyingine.

Hapa panahitaji uadilifu. Tuseme msikiti ungelikuwapo mwaka 1873. Mwanamke mwenye miaka ishirini na mitano, aliyetengana na mumewe, mwenye mtoto mkononi na maswali mazito kinywani, angeingia kwa mlango gani? Nani angemkalisha? Angejibiwa, au angeambiwa kuwa amesoma kupita kiasi?

WEMA WA ASIYEAMINI

Mwaka 1888 Annie aliandika makala juu ya hali ya wasichana wa kiwanda cha viberiti cha Bryant & May, mashariki ya London. Walikuwa wakilipwa ujira mdogo, wakikatwa faini kwa makosa madogo, na wakiishi katika hatari ya fosforasi iliyokuwa ikiozesha mifupa ya taya. Kiwanda kilipojaribu kuwalazimisha waikanushe makala ile, wanawake na wasichana wapatao 1,400 waligoma, na Annie akawasaidia kukusanya fedha na kuunda chama chao. Mgomo ulifanikiwa.

Kisa hiki huwatatiza baadhi ya vijana. Huuliza: ikiwa mtu asiyemwamini Mungu anamhurumia masikini, na tajiri aswaliye au asaliye anamdhulumu, imani ina kazi gani?

Jibu lisiwe la kukanusha wema ule, kwani kukanusha lililo wazi ni dhulma. Uislamu unatufundisha kuwa kila mtoto huzaliwa katika fitra. Kuona uchungu kwa ajili ya aliyedhulumiwa ni katika mabaki ya fitra hiyo, na mtu anaweza kulisahau jina la aliyeitia ndani yake huku yenyewe ikiendelea kufanya kazi. Na kwa upande wa pili, Qur'ani katika Suratul-Maun haikumsamehe mwenye kuswali anayemsukuma yatima. Ilimtia katika onyo kali. Kwa hiyo tajiri yule si hoja dhidi ya dini. Dini imemhukumu kabla yetu.

Lakini swali linabaki kwa asiyeamini pia: kwa nini nimhurumie yule ambaye hanifai kwa lolote? Ikiwa sisi ni vumbi lililojikusanya na litakalotawanyika, haki ya msichana wa kiwandani imetoka wapi? Annie mwenyewe hakutosheka. Kuanzia mwaka 1886 hivi, kwa maelezo yake, alianza kuona kuwa falsafa ya maada peke yake haimfafanulii akili, dhamiri wala uhai wa mwanadamu. Mwaka 1889 alisoma kitabu cha Madame Blavatsky, akaingia katika Theosofia, akahamia India, akawa kiongozi wa jumuiya hiyo tangu mwaka 1907, na mwaka 1917 akawa rais wa Chama cha Congress cha India. Alifariki Adyar, Madras, mwaka 1933.

Theosofia, inayozichukua dini zote kuwa matawi ya hekima moja ya siri, haikubaliani na tauhidi, na sifa zake kwa Mtume (s.a.w.) zilitoka katika msimamo huo. Tunayapokea mazuri aliyoyasema, na tunajua alisimama wapi alipoyasema. Hata hivyo safari yake inashuhudia jambo moja: aliyemfukuza Mungu nyumbani kwake kwa miaka kumi na mitano hakuweza kukizoea kiti kilichobaki kitupu.

HAZINA TULIYO NAYO

Waislamu hawakuanza jana kukutana na watu hawa. Qur'ani imewataja wanaosema kuwa hapana ila maisha haya ya dunia na hakuna kinachowaangamiza ila dahari. Wanachuoni wakawaita Dahriyya, wakazisoma hoja zao na kuzijibu kwa hoja.

Nabii Ibrahim (a.s.) alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyofufua wafu. Aliulizwa kama haamini. Akajibu kuwa anaamini, lakini anataka moyo wake utulie. Hakukemewa. Aliamrishwa achukue ndege wanne, na akaonyeshwa. Basi kutafuta utulivu wa moyo si ukafiri; ni sunna ya baba wa Mitume.

Masahaba walimjia Mtume (s.a.w.) wakamweleza kuwa wanapata ndani ya nafsi zao mambo ambayo ni mazito kwao kuyatamka. Imepokewa na Muslim kuwa aliwaambia kwamba hiyo ndiyo imani ya wazi, yaani ule uzito wanaouona katika kuyatamka. Na katika Musnad ya Imam Ahmad imo habari ya kijana aliyemjia akaomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo wakamkaripia. Mtume (s.a.w.) akamsogeza karibu, akamwuliza kama angelipenda jambo hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kisha akamwekea mkono na kumwombea dua.

Imam Ghazali, ambaye vitabu vyake vinasomwa katika vyuo vyetu, ameandika katika Al-Munqidh kuwa alipatwa na maradhi ya shaka kwa karibu miezi miwili, akashindwa kuamini hata hisi zake, mpaka Mwenyezi Mungu alipomtia nuru kifuani. Hakuona haya kuyaandika. Laiti mtu angemtoa msikitini katika miezi miwili ile, umma ungelipoteza nini?

Na juu ya swali la kitanda cha mgonjwa, Mtume (s.a.w.) alimzika mwanawe Ibrahim huku akilia. Alisema kuwa jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila yanayomridhisha Mola wetu. Nabii Yaqub (a.s.) alilia mpaka macho yakawa meupe. Hapana hata mmoja aliyeambiwa kuwa machozi yake ni upungufu wa imani. Mama aliyekesha wodini na mtoto wake, tukimkimbilia kwa kumwambia asubiri kabla hatujamletea hata uji, tumemfundisha Mungu asiyefanana na yule ambaye Mtume wake alilia kaburini.

LA KUFANYWA NYUMBANI NA MSIKITINI

Katika kazi za kamati ya msikiti, huja wazazi wakisema kuwa kijana wao "ameharibika" tangu aende chuo. Ukichunguza, mara nyingi utakuta aliuliza swali moja. Kwa ajili yao, na kwa ajili yetu tunaowapokea, yapo mambo manne ya kuzingatia.

La kwanza, mzazi asiwe wa kwanza kumwita mwanawe kafiri. Mtume (s.a.w.) ameonya kuwa mwenye kumwita nduguye kafiri, neno hilo humrudia mmoja wao. Bradlaugh aliitwa mkanamungu kabla hajawa, na jina lile likamtangulia mlangoni mpaka akalifikia.

La pili, tujue swali limetoka wapi. Kijana anayeuliza kwa nini Mungu anaacha watu wateseke huenda anauliza kwa nini rafiki yake alifariki, au kwa nini baba anamwadhibu mama. Hoja haiponyi jeraha, wala kubembeleza hakujibu hoja. Kila kimoja kina mahali pake.

La tatu, tusione haya kusema hatujui. Imesimuliwa kuwa Imam Malik aliulizwa masuala mengi katika kikao kimoja, na mengi kati yake akajibu kuwa hajui. Haikumpunguzia daraja. Mzazi akisema, "Mwanangu, hili silijui, lakini twende pamoja kwa sheikh," amemfundisha kuwa swali lina nyumba katika dini yake.

La nne ni la misikiti. Tuna darasa za tajwidi, za fiqhi ya twahara na za mirathi, na zote ni za lazima. Tutenge pia kikao ambacho kijana ataruhusiwa kuuliza lolote bila jina lake kutangazwa Ijumaa inayofuata. Na kina mama wapate kikao chao, chenye mwalimu mwenye elimu, kwa wakati wanaoweza kuja. Kisa cha Annie ni kisa cha mama mwenye mtoto mgonjwa, na katika misikiti mingi mama wa namna hiyo hana wa kumwuliza ila mumewe. Na ikiwa mume ndiye sehemu ya tatizo, hana mtu.

Hidaya iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Hatukupewa uwezo wa kuwatia watu imani. Tulichopewa ni amri ya kulingania kwa hekima na mawaidha mema, na amri hiyo ilimfikia hata Musa na nduguye Harun (a.s.) walipotumwa kwa Firauni: wamwambie maneno laini. Mtoto anayekaa mezani kwetu, anayeuliza kwa sauti ya chini akichelea kukaripiwa, hajafika daraja ya Firauni. Tumwambie maneno laini, na tumjibu.

Wallahu a'lam.